Sinema Zilizimwa Mjini, Picha Zikapanda Bundali

Ikinga haijawahi kuwa na jumba la sinema. Ni kata ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, upande wa milima ya Bundali, kwenye migomba na kahawa, ambako ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Kwa hiyo mtu wa huku anapowasikia wazee wa Dar es Salaam wakizililia Avalon, Empire na New Chox, au Wazanzibari wakiitaja Majestic na Sultana kwa sauti ya chini, huwa kama amepita penye msiba wa ukoo mwingine: pole anatoa, machozi hana. Majumba yale aliyasikia tu. Na yalipofungwa, moja baada ya jingine, huku juu ndiyo kwanza watu walikuwa wanaanza kuona picha.

Historia ya sinema nchini kwetu imezoeleka kusimuliwa kutokea Mtaa wa Samora au Mji Mkongwe. Ukiisimulia kutokea Ileje, hesabu yake inabadilika. Kilichosaidia kuua jumba la mjini ndicho kilichopandisha picha mlimani.

Tuanze na waliotangulia kuona. Wandali na Wanyakyusa wa kizazi cha ukoloni walikuwa watu wa safari. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali: kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na kwa wengine hadi machimbo ya Afrika Kusini. Wakubwa wa migodi hiyo ya shaba, ukanda wa Copperbelt, waligundua mapema kwamba mfanyakazi mwenye burudani Jumamosi hasumbui Jumatatu, wakafunga kitambaa cheupe uwanjani kwenye kambi na kuwasha mtambo. Watu waliita bayoskopu. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Hortense Powdermaker, aliyeishi Luanshya mwaka 1953 na 1954, aliandika jinsi umati ulivyokuwa ukipiga kelele kila kaboi alipotokea, wakimwita kwa jina moja hata awe nani: Jeke! Jeke! Mwenye farasi na kofia ndiye Jeke. Vijana walivaa kama yeye, wakatembea kwa mwendo wake.

Ndivyo sinema ilivyoifikia kwanza sehemu hii ya nchi. Haikutoka pwani. Ilitoka kusini, ndani ya simulizi za mtu aliyerudi na baiskeli, blanketi na sanduku la bati, akikaa jioni kuwaeleza wenzake jinsi Jeke alivyoruka kutoka kwenye farasi hadi kwenye treni. Picha zikasikika kwa masikio miaka mingi kabla ya kuonekana kwa macho.

Serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga picha kuhusu safura, kilimo, mifugo na benki ya akiba ya posta, wakarekodi maneno kwenye sahani za santuri, kisha wakapakia mtambo na jenereta kwenye lori na kuzunguka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda. Mwaka 1937 mradi ukafa kwa kukosa fedha. Nyuma yake ilibaki imani iliyowatawala wakubwa wa sinema za kikoloni kwa muda mrefu: kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda kasi, hivyo apewe filamu za polepole zisizo na vituko. Imani hiyo ilikuwa upuuzi, na waliokuwa wakipiga kelele Luanshya walikuwa ushahidi tosha. Mtu aliyefuata mbio za farasi, risasi na treni kwa saa nzima hakushindwa kufuata habari za choo cha shimo. Alizichoka tu.

Baada ya vita vya pili gari la sinema likawa jambo la kawaida kidogo. Lilifika na kipaza sauti, likaegeshwa kwenye uwanja wa boma au wa shule, kitambaa kikafungwa, na giza lilipoingia watoto walikaa chini mbele kabisa. Waliochelewa walikaa nyuma ya kitambaa wakaona picha ileile imegeuka, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, na hawakulalamika. Katika filamu za Kiswahili za wakati huo imo *Muhogo Mchungu* ya mwaka 1952, ambamo mwigizaji mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka 10 baadaye, Januari 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sijui nchi nyingi zilizopata waziri mkuu kutoka kwenye kitambaa cheupe.

Sasa twende pwani, kwa kuwa huko ndiko jumba lenyewe lilikozaliwa.

Zanzibar ilianza na hema. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alikuwa akionyesha picha mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyependa kuba na matao, ndiye pia aliyechora makumbusho ya Beit el Amani. Royal lilikuja kuitwa Majestic, likaungua, likajengwa upya miaka ya 1950. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau: majumba haya hayakujengwa na Hollywood wala na serikali ya Uingereza. Yalijengwa na wafanyabiashara wa hapahapa, wengi wao wenye asili ya Kihindi, kwa fedha zao na mikopo ya jamaa zao. Dar es Salaam familia ya Al Noor Kassum, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Maji, Nishati na Madini kwa miaka mingi, ilikuwa miongoni mwa wenye majumba ya sinema. Mtu alijenga jumba zuri kwa sababu mji ulikuwa wake, na jina lake lilikuwa mlangoni hata kama halikuandikwa.

Picha zilitoka Hollywood, Misri, baadaye Italia na Hong Kong, lakini malkia alikuwa Bombay. *Awara* ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka mwaka 1951, iliwakamata watu wa pwani kiasi kwamba watu wasiojua neno moja la Kihindi waliimba nyimbo zake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa nini? Katika kaboi, mtu mmoja anaingia mjini, anaua, anaondoka. Katika picha ya Kihindi kuna baba mkali, mama aliyefukuzwa, kijana aliyependa asipotakiwa kupenda, na ndoa ambayo ukoo mzima una neno. Mtu wa Ng'ambo au Kariakoo alikuwa anatazama kesi ya nyumba ya pili. Wapiga taarabu walichukua tuni za Kihindi wakazitungia maneno ya Kiswahili, na ukumbini watu wakatuza bila kuuliza tuni imetoka wapi. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, ambapo mabuibui yalijaza jumba mchana na wanaume walibaki nje na dhana zao.

Kazi iliyofanyika nyuma ya ukuta haikuonekana. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye mtambo kwa picha 24 kila sekunde. Rili moja ya futi 2,000 huisha kwa dakika 20 na ushee. *Sholay* ya mwaka 1975 ilikuwa na zaidi ya saa tatu, hivyo ilikuja kwenye masanduku ya chuma yenye rili kama kumi, mzigo wa kumwumiza mtu mgongo. Mitambo ilikuwa miwili. Mmoja ukifanya kazi, fundi alikuwa akivisha rili inayofuata kwenye wa pili, akisogeza vijiti vya kaboni vilivyotoa mwanga mkali kama wa kuchomelea vyuma, jicho lake likiwa kwenye kona ya juu kulia ya picha. Hapo hutokea kijidoa, mara moja, kisha mara ya pili. Doa la kwanza unawasha mota. La pili unabadilisha. Akipitiwa na usingizi, ukumbi mzima ulimwamsha kwa matusi, na kijiti cha kaboni kikiisha katikati ya wimbo, matusi yaliongezwa na viti vikagongwa.

Nakala zilikuwa chache na ghali, basi ikabuniwa njia. Picha moja iliwekwa kwenye majumba mawili usiku mmoja, jumba la pili likichelewa kuanza. Rili ya kwanza ikiisha kule, kijana aliidaka, akaifunga kwenye baiskeli, akakanyaga pedali kuelekea jumba la pili, akarudi kufuata ya pili. Pancha moja ilitosha kuwaacha watu mia kadhaa gizani, wakiwa hawajui kama Nargis atasamehe au hatasamehe. Wazee wa Unguja wanawakumbuka vijana hao kuliko wanavyowakumbuka wenye majumba.

Nje, Jumapili jioni, walanguzi walikuwa wameshanunua tiketi asubuhi na sasa wanaziuza kwa bei ya juu. Kulikuwa na karanga, kashata, mishikaki. Watu walivaa. Waliokuwa vijana wa Dar es Salaam miaka ya 1960 wakisimulia hawaanzi na picha. Wanaanza na shati, na nani alikuja na nani. Mwaka 1966 ukafunguliwa uwanja wa sinema ya magari Msasani, ambapo mtu aliegesha gari, akatundika kipaza sauti kwenye kioo cha mlango, akatazama chini ya nyota. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha. Serikali iliyohubiri jembe na viongozi wake wasimiliki nyumba za kupangisha iliishi miaka mingi na uwanja ule wa magari bila kuona haya, na wananchi walijazana sita au saba kwenye gari moja la kuazima. Leo penye uwanja huo upo Ubalozi wa Marekani, uliojengwa baada ya ule wa zamani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998.

Kutoka pwani majumba yalifuata reli na barabara: Tanga, Morogoro, Dodoma, Tabora, Mwanza, Moshi, Arusha. Nyanda za Juu Kusini yalifika kwenye miji mikubwa na kuishia hapo. Mwenye jumba alihitaji umeme wa kila siku, kundi la watu wenye mishahara na barabara inayopitika masika ili sanduku la rili liondoke Jumatatu na kufika mji mwingine Jumatano. Ileje haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ilipojengwa, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, Tunduma ilichangamka, lakini wakati huo biashara ya sinema ilikuwa tayari inaumwa. Reli ilifika ikiwa imechelewa kubeba rili.

Ugonjwa huo ulikuwa na sababu nyingi, na hapa sikubaliani na wanaosema video peke yake ndiyo iliyoua. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, na katika miaka ya 1970 ikapewa peke yake jukumu la kuingiza na kusambaza filamu. Nia haikuwa mbaya. Fedha za nchi zilikuwa zinatoka kwenda kwa kampuni za nje, na Watanzania hawakuwa na filamu zao. TFC ilitoa *Fimbo ya Mnyonge* mwaka 1974, ya kuhimiza Ujamaa, na baadaye ikashiriki *Harusi ya Mariamu* ya mwaka 1985. Ila kuchagua picha za kuonyesha Tabora au Tanga ni ujuzi wa mtu aliyekaa mlangoni miaka 30 akitazama nyuso za wanaotoka. Ujuzi ule haukuwa ofisini. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ingawa sheria haikutaja kabila, iliwaangukia zaidi wafanyabiashara wa Kiasia. Wengi walihama, wakaenda Uingereza na Kanada na ujuzi wao. Zanzibar majumba yalikuwa yameshachukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka ukaguzi mikononi mwa bodi ya serikali.

Kisha fedha za kigeni zikaisha. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mazao ya nje yaliyoshuka: nchi iliyokosa sabuni na betri isingenunua nakala mpya za filamu, wala vijiti vya kaboni, wala vipuri vya mtambo. Majumba yakarudia picha zilezile hadi filamu zikachanika, zikaungwa, zikachanika tena, na mtazamaji akaona Bruce Lee akirusha teke katika *Enter the Dragon* na adui akiwa ameshaanguka kabla ya teke kufika. Viti viling'oka. Paa likavuja. Hakuna aliyekuwa na uchungu wa jengo kwa kuwa mwenye jengo alikuwa ofisi.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeingia Novemba 1985 akaendelea kufungua milango. Deki za video zikaingia. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Hapo katikati, kwa takriban miaka 10, mkanda wa video ulikuwa mfalme asiye na mpinzani. Mwenye jumba la viti 500 alihitaji mafundi, wakata tiketi, leseni na nakala yenye uzito wa gunia. Mwenye deki alihitaji chumba, mabenchi na jenereta. Walioanza kuacha kwenda sinema walikuwa wenye fedha, waliotazama sebuleni. Kisha wakafuata wengine. Majumba yakageuzwa maduka, maghala, makanisa.

Na jenereta ile inapandishika mlimani.

Huu ndio upande ambao simulizi za Dar es Salaam hazina nafasi nao. Kibanda cha video kiliweza kuwa popote penye mnada, stendi au gulio. Kuta za mbao au za udongo, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi au mablanketi, televisheni ya inchi 21 imewekwa juu ya meza iliyofungwa kwa minyororo, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki: saa nane Kichina, saa kumi Kihindi, saa mbili usiku vita. Jenereta ililia nyuma ya ukuta kwa nguvu hivi kwamba mtazamaji alisikia petroli kuliko maneno. Lakini maneno hayakuwa na shida, kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza au Kikantoni. Palikuwa na mtu wa kueleza, aliyesimama pembeni na kijiti au aliyeshika maiki, akisema huyu ndiye stelingi, huyu mwenye mvi ndiye bosi wa maadui, tulieni, bado hajajua kwamba mkewe ametekwa.

Kutokana na kazi hiyo alitokea Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu. Aliingiza sauti yake juu ya filamu za nje na mikanda hiyo ikauzwa na kunakiliwa kila mahali. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Aliongeza majina, akaweka utani wa mtaani, akamkaripia adui kabla hajafanya ubaya. Wasomi walicheka. Mtu wa kijijini aliyekaa kwenye benchi bila mgongo alikuwa, kwa mara ya kwanza, amepewa filamu kwa lugha yake na mtu aliyedhani anaweza kuielewa. Notcutt na Latham walikuwa na lori, fedha za Carnegie na nadharia, wakashindwa kufanya hilo.

Kibanda kilikuwa na mabaya yake, na sitaki kukipaka rangi. Wanawake hawakuingia kwa raha. Hapakuwa na zanana. Watoto walitoroka shule. Usiku mwingine milango ilifungwa na picha zilizoonyeshwa hazikuwa za ubao. Viongozi wa vijiji walivifunga, vikafunguliwa. Kiafya, watu 60 katika chumba kisicho na dirisha, pamoja na moshi wa jenereta, ni jambo la kutisha. Jina ambalo watu walivipa vibanda hivi, kibanda umiza, lilitokana na maumivu ya kweli. Wakati huohuo ndipo vijana wengi wa Songwe walipojifunza kutazama: ikaingia filamu ya Kitanzania *Girlfriend* ya mwaka 2003, zikaja picha za mwigizaji Steven Kanumba, na Aprili 2012 alipofariki, huzuni ilifika hata kwenye milima ambako hakuna aliyewahi kuona jumba la sinema. Soko lililomlea Kanumba lilikuwa la mkanda na sidii. Majumba yangebaki na nguvu zao, pengine tungekuwa bado tunasubiri rili kutoka Bombay.

Leo Tunduma ukitaka picha unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta pembeni ya stendi, unampa flashi, anakujazia za Kikorea, za Kinigeria, za kwetu, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa, unalipa kwa idadi. Ileje umeme umesambaa, ving'amuzi vipo, simu zipo. Vibanda vilivyobaki vinaishi kwa mpira wa Uingereza, na Simba na Yanga. Vile vya picha vimekwisha bila mtu kuvitangazia tanzia.

Majumba ya mijini angalau yamepata mwandishi wao: mwaka 2018 mwanahistoria wa Marekani Laura Fair alichapisha kitabu kizima kuhusu watazamaji na wenye sinema wa miji ya Tanzania, baada ya miaka mingi ya kuwahoji wazee. Vibanda vya Ileje, Momba na Mbozi havikuacha tiketi, wala matangazo ya magazeti, wala mnara wenye jina. Waliokuwa wakieleza picha kwa kijiti bado ni watu wa makamo, wengi wanalima kahawa au wanaendesha bodaboda, na kumbukumbu zao bado zina majina ya mikanda, bei za viingilio na siku ambazo jenereta iligoma. Mwenye daftari na muda angeweza kuwapata wiki hii, siku ya gulio.